Kusahau kwa Mtoto Si Dhambi: Maoni Juu ya Mlango wa Hifdhi Katika Taalimul-Mutaallim

 

Kitabu cha Taalimul-Mutaallim hakihitaji kutambulishwa kwa wasomaji wa kurasa hizi. Mtunzi wake, Imam Burhanuddin az-Zarnuji, aliishi mwishoni mwa karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 7 Hijria, naye ni mwanafunzi wa Imam al-Marghinani, mwenye al-Hidaya. Yeye ni Hanafi na sisi ni Mashafii, lakini adabu ya kutafuta elimu haina madhehebu, na tumekipokea kitabu chake kwa mikono miwili. Ninachotaka kukieleza hapa ni namna tunavyokisoma, hasa mlango wake wa 12, unaozungumzia yanayoleta hifdhi na yanayoleta kusahau.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisomesha madrasa moja hapa Masumbwe, na miongoni mwa wanafunzi alikuwepo mtoto wa kama miaka 10. Jioni atakusomea Suratul-Buruj vizuri kabisa, asubuhi imemtoka yote. Siku moja nilimwambia mbele ya wenzake kwamba anayesahau Qur'ani ajichunguze, kuna dhambi anayoificha. Akainama, wenzake wakacheka. Haikupita wiki mbili akaacha kuja, na baadaye nikasikia yuko kwa wachimbaji wadogo, anaosha mchanga wa dhahabu mwaloni. Mzee wake hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Maneno yale sikuyatunga mimi. Az-Zarnuji katika mlango huo anayataja maasi kuwa miongoni mwa sababu kubwa za kusahau, na anazileta beti mashuhuri zinazonasibishwa kwa Imam Shafi (r.a.), alipomshitakia mwalimu wake Wakii udhaifu wa hifdhi naye akamuelekeza kuacha maasi. Mtu mzima akijisomea beti hizo kwa kujihesabu nafsi yake, amefanya jambo jema. Lakini mlango ule aliuandika kwa mtafutaji elimu aliyekwisha kujielewa, aliyesafiri na kuchagua mwalimu. Sisi tumeuchukua tukaupeleka kwa mtoto wa Juzuu Amma, na hapo ndipo tulipopotea.

Tunajua sote hadithi ya kuinuliwa kalamu kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Ikiwa kalamu haimwandikii dhambi, hiyo dhambi inayomsahaulisha ametoka nayo wapi? Hatuwezi kumsomesha Safina asubuhi, tumwambie bado hajawa mukallaf, kisha jioni tumhukumu kama mukallaf aliyekwishakosa. Na wanaochanganya hukumu hiyo na fimbo waifungue Minhaj ya Imam Nawawi: adabu ya mwalimu ikileta madhara, mwalimu ana dhamana.

Tena angalia Mtume (s.a.w.) mwenyewe alilizungumzaje jambo hili. Katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) ameamrisha Qur'ani itunzwe kwa kurejewa rejewa, kwani ni nyepesi zaidi kuponyoka kuliko ngamia waliofungwa kamba. Huku kwetu hakuna ngamia, lakini mtoto wa Kisukuma aliyechunga ng'ombe anaelewa mara moja. Ng'ombe akikata kamba usiku, mchungaji anaangalia kamba na fundo. Haanzi kumuuliza ng'ombe tabia yake. Sababu iliyotajwa katika hadithi ni kuacha kurejea. Na imesihi kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimsikia mtu akisoma msikitini, akamuombea rehema kwa kuwa amemkumbusha aya zilizokuwa zimemtoka. Aliposahau katika sala akawaeleza Masahaba kuwa yeye ni binadamu, anasahau kama wanavyosahau wao. Nani basi atathubutu kusema kila kusahau ni alama ya dhambi?

Sehemu iliyobaki ya mlango ule nitaipitia haraka. Zimetajwa zabibu kavu nyekundu 21 kila siku kabla ya kula kitu, asali, mswaki, ubani na sukari. Na katika yanayosahaulisha yametajwa giligilani mbichi, matufaha makali, kusoma maandishi ya makaburini, na kutupa chawa chini akiwa hai. Hayo ni tiba na uzoefu wa zama zake, wala si hukumu za sheria. Asali tunayo nyingi huku, alhamdulillahi, na anayeweza ampe mtoto wake. Lakini nimewaona walimu wanaokataza giligilani kwenye mchuzi wa madrasa na hawana saa hata moja ya murajaa katika ratiba yao.

Ajabu ni kwamba dawa yenyewe imo katika kitabu hichohicho, katika mlango wa 6, ambao wengi wetu tunaupita mbio. Humo az-Zarnuji anaagiza somo la mwanzo liwe kiasi ambacho mwanafunzi anaweza kukidhibiti kwa kukirudia mara mbili, kisha liongezwe kidogo kidogo. Somo la jana lirudiwe mara 5, la juzi mara 4, la siku iliyotangulia mara 3, kisha mara 2, kisha mara 1. Jumla ni mara 15, zilizotawanywa katika siku 5. Na arudie kwa sauti na uchangamfu, asizoee kunong'ona. Mnamo 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu, na miongoni mwa aliyoyaona ni kwamba marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali hushika kuliko yaliyorundikwa kwa mara moja. Wenye elimu nafsi wanamhesabu kuwa ndiye aliyeifungua njia hiyo. Sisi tulikuwa nayo kabatini karne sita na zaidi kabla yake, tukashughulika na zabibu.

Ebbinghaus alipima na jambo jingine linalotuhusu zaidi. Alihifadhi silabi zisizo na maana yoyote, kisha akahifadhi beti za mshairi Byron, akakuta penye maana anahitaji takriban sehemu moja ya kumi tu ya juhudi. Sasa mfikirie mtoto wa Masumbwe. Nyumbani ni Kisumbwa au Kisukuma, shuleni ni Kiswahili, na akija chuoni ni Kiarabu, lugha ambayo hajapata kumsikia mtu akiombea maji ya kunywa. Qur'ani ina mizani na vina vyake vinavyoushika ulimi, na hiyo ni katika neema zake. Lakini kwa upande wa maana mtoto huyu anabeba mzigo wa silabi tupu. Anayehifadhi hivyo hadi Yasini ni shujaa. Anayeshindwa hana cha kushutumiwa.

Wapo watakaosema hifdhi bila maana ni kazi bure inayoua fikra. Hao nao wamepita mpaka. Watafiti wawili wa Marekani, Sylvia Scribner na Michael Cole, walichunguza watu wa kabila la Vai huko Liberia na kitabu chao kikatoka 1981. Walikuta waliosoma Qur'ani wanawashinda wengine katika kushika orodha ya maneno inayoongezwa neno moja moja kwa mpangilio, yaani kazi inayofanana na kuhifadhi sura. Ila katika kusimulia upya hadithi waliyoisikia, hawakuwazidi wenzao. Hifdhi basi inajenga kitu cha kweli, lakini inajenga kile ilichozoeshwa. Ufahamu unataka mazoezi yake. Ibn Khaldun katika Muqaddima alilisema hili kwa uchungu juu ya wanafunzi wa Maghribi, waliokaa vikao vya elimu miaka na miaka wamenyamaza, wamejaa mahifadhi, na wakitakiwa kujadili hawana malaka. Na az-Zarnuji, kwa insafu, katika mlango ule ule wa 6 anakuweka kufahamu kidogo juu ya kuhifadhi kingi.

Siku hizi, kabla mtoto hajaanza sura mpya, namsomea maana yake katika Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika 1969, kisha namtaka anieleze kwa lugha ya kwao. Kwa Suratul-Qaari'ah inachukua robo saa. Baadhi ya wazee walinung'unika kwamba tunachelewesha hifdhi, na kweli miezi miwili ya mwanzo tulikuwa nyuma ya wenzetu. Kikwazo kilichobaki ni hesabu ya yale marudio 15: mwalimu ni mmoja na watoto ni wengi, hawezi kumsikiliza kila mmoja mara zote hizo. Kwa hiyo tunawaketisha wawili wawili wasikilizane, mkubwa na mdogo, na mwalimu anachukua ile mara ya mwisho peke yake, siku ya 5.