Rimu Ndiyo Yenye Neno: Kuipatia Raleigh Kuukuu Tairi Lake

Raleigh nyeusi ya Nottingham, ile ya breki za vyuma na magurudumu makubwa, ilikuja na rimu zilizonyooka na fremu nzima. Kasoro ilikuwa kwenye matairi: yamechanika ubavuni, maandishi yamefutika, kilichosomeka ni "28" tu. Mwenye baiskeli alikuwa ameshaambiwa kuwa matairi hayo hayatengenezwi tena, kwa hiyo ang'oe rimu afunge za kisasa. Ushauri huo si sahihi, na unawagharimu watu wengi fedha na baiskeli nzuri. Tuangalie jinsi saizi ilivyopatikana.

Tuanze na inchi zenyewe. Namba ya inchi haielezi ukubwa wa rimu. Inaeleza kimo cha gurudumu zima likiwa limevalishwa tairi na kujazwa upepo. Chukua 28 x 1 1/2. Inchi 28 ni milimita 711. Unene wa inchi moja na nusu ni milimita 38, nao unahesabiwa mara mbili, juu na chini. Toa 76 kwenye 711, inabaki 635. Hicho ndicho kipenyo cha kikalio, yaani pale ndani ya rimu ambapo waya wa ukingo wa tairi unakaa. Kwa hesabu hiyohiyo, 26 x 1 1/4 inatoa 597, 26 x 1 3/8 inatoa 590, na 26 x 1 1/2 inatoa 584. Zote zinaitwa 26, na hakuna hata moja inayovaa tairi la mwenzake.

Majina hayo yalikuwa ya kweli siku yalipotolewa. Vurugu ilianza pale watengenezaji walipobadilisha unene wa tairi. Schwinn ya Chicago iliuza matairi ya rimu ya 597 yakiwa yameandikwa 26 x 1 3/8, maandishi yaleyale yaliyo kwenye tairi la Raleigh ya Uingereza lenye 590. Rimu ya 622 nayo huitwa 28 kwa mazoea, ingawa ukiivalisha tairi jembamba la 700 x 23, kimo chake ni milimita 668, yaani inchi 26 na ushei. Desimali ziliongeza utata: 26 x 1.75 ni ya rimu ya 559, ilhali 26 x 1 3/4 ni ya 571. Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008, aliliweka hili kama kanuni: saizi mbili zikiwa sawa kihesabu, moja kwa sehemu na nyingine kwa desimali, basi matairi hayo hayabadilishani.

Ndiyo maana namba ya kuifuata ni ile ya ETRTO, shirika la Ulaya la viwango vya matairi na rimu, ambayo leo ni kiwango cha kimataifa ISO 5775. Huandikwa ubavuni kwa namba mbili, mfano 40-635. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha kikalio. Hii ya pili haina mjadala, kwa sababu waya wa ukingo haunyumbuki. Ukiwa mdogo kuliko rimu, tairi haliingii. Ukiwa mkubwa, tairi linaingia kwa ulaini wa kudanganya, kisha upepo unalisukuma nje, tyubu inachungulia pembeni na kupasuka, pengine ukiwa kwenye mteremko.

Kwa Raleigh yetu, "28" iliacha washindani wawili wa kweli: 635 na 622. Kupima kipenyo kwa rula hakutoshi, maana habu iko katikati na jicho hukosea milimita kadhaa kwa urahisi. Kilichosaidia ni kupima mzingo. Tofauti ya milimita 13 kwenye kipenyo huwa milimita 41 kwenye mzingo, na kosa dogo la mkono halimezi sentimita nne.

Kazi ilifanyika hivi. Tairi, tyubu na utepe unaofunika vichwa vya spoku vilitolewa, kutu ikasuguliwa. Badala ya uzi, ambao hurefuka ukivutwa, ulitumika mkanda mwembamba wa plastiki wa kufungia maboksi, uliochanwa kwa urefu ili ulale vizuri kwenye kikalio. Hapo ndipo penye kuhitaji macho. Mkanda ukipanda juu ya mdomo wa rimu, jibu litakuwa kubwa mno. Ukitumbukia kwenye bonde la katikati, litakuwa dogo mno. Ulilazwa chini ya ukuta wa pembeni, ukazungushwa, ukatiwa alama kwa kalamu pale ulipokutana, kisha ukanyooshwa sakafuni na kupimwa. Ulitoa milimita 1,996. Gawanya kwa 3.1416, unapata 635. Ingekuwa 622, mkanda ungesoma kama 1,954. Gurudumu la pili nalo lilipimwa, kwa kuwa baiskeli kuukuu mara nyingi imeshabadilishiwa rimu moja.

Tairi la 635 lipo. India bado inalitengeneza, kwa sababu baiskeli zake nyeusi zilifuata umbo hilohilo la Kiingereza, kama zilivyofanya Phoenix za Shanghai zilizojaa Afrika Mashariki. Tyubu haina masharti makali: ya 622 yenye upana unaolingana hutanuka ikatosha. Baada ya kuvalisha, jaza upepo kidogo, zungusha gurudumu, tazama mstari mwembamba uliochongwa karibu na ukingo wa tairi. Ukiwa na umbali uleule kutoka kwenye rimu mzunguko mzima, tairi limekaa. Ukizama au kupanda mahali, toa upepo ulikandekande kabla ya kujaza. Rimu hizi za chuma hazina kulabu za kushika ukingo, kwa hiyo usipite kiwango cha upepo kilichoandikwa ubavuni.

Wenye Raleigh ndogo za 26 x 1 3/8 wana unafuu. Baiskeli nyingi za mjini za Kijapani, zile za kikapu mbele zinazoingia kama mtumba, hutumia 590 hiyohiyo. Soma 37-590 ubavuni na usihangaike na jina la baiskeli.

Turudi kwenye ushauri wa kubadilisha rimu. Breki za vyuma hubana upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama ekseli. Rimu ya kisasa haikuundwa kubanwa hapo, na ya 622 imepungua zaidi ya milimita sita kila upande. Raleigh nyingi za zamani zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo rimu yenye matundu 36 haiingiliani na habu. Anayekubali kubadilisha rimu atanunua pia breki, spoku na habu, mpaka baiskeli isiwe tena ile aliyokuwa nayo. Mkanda wa plastiki, kalamu na kugawanya mara moja vinamwepusha na gharama zote hizo. Fundi yeyote anayeletewa baiskeli ya aina hii apime kwanza, kisha ndipo amwagize mteja dukani na namba ya milimita mkononi.