Ritifaa ya Mang'ula: Tahajia ya Ng' na Uhamishaji wa Data kutoka Lahajedwali hadi Kanzidata

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna tahajia ya Kiswahili Sanifu inavyoishughulikia nazali ya kaakaa laini, yaani ng', pale majina yanapohamishwa kutoka lahajedwali kwenda katika programu ya kanzidata ya kompyuta ya mezani. Kwa kutumia jina la mahali Mang'ula, lililopo katika bonde la Kilombero, inahojiwa kwamba kosa linalodhaniwa kuwa la mashine chimbuko lake ni tahajia: sehemu ya herufi imeandikwa kwa alama ya uakifishaji, na hakuna chombo cha usanifishaji kilichobainisha ni alama ipi hasa. Hoja kwamba misimbo ya namba huondoa tatizo hili inapimwa na kuonekana kuwa na upungufu.

1.0 Utangulizi

Mang'ula ipo chini ya Milima ya Udzungwa, kando ya reli ya TAZARA na barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Bonde la Kilombero kwa jumla ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambazo watu wake, wanyama wake na magonjwa yake yameingizwa katika majedwali kwa muda mrefu. Kutoka Ifakara, ufuatiliaji wa kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga ulianza mwaka 1996, ukitumia programu ya HRS iliyojengwa juu ya FoxPro. Huko Udzungwa, mtandao wa TEAM ulianza mwaka 2009 kutega kamera katika vituo 60 vya msituni, na picha zake zikashughulikiwa kwa DeskTEAM, programu ya kompyuta ya mezani.

Katika maandishi yaliyotokana na kazi za namna hii, jina la mahali lenyewe halijatulia. Mara limeandikwa Mang'ula, mara Mangula, na pale lilipoandikwa kwa ritifaa, ritifaa hiyo si moja. Wanasayansi wamelichukulia jambo hili kuwa usumbufu mdogo wa kusafisha data. Wanaisimu wa Kiswahili hawajalichukulia kuwa jambo lolote, na hapo ndipo uhakiki huu unapoelekezwa.

2.0 Herufi au alama?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba /ŋ/ ni fonimu moja, na kwamba ng' katika ng'oa na ng katika ngoa hutenganisha maana: moja ni kitendo cha kutoa kitu na mizizi yake, nyingine ni wivu au shauku. Darasani, basi, ng' ni konsonanti moja. Kwenye kompyuta ni vibambo vitatu, na kibambo cha tatu hakihesabiwi kuwa herufi. Ni alama ya uakifishaji, jamaa ya mkato na nukta.

Jambo hili halikuwa la lazima. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika ilipochapisha mwongozo wake wa tahajia mwaka 1927 na kuurekebisha mwaka 1930, ilipendekeza herufi ŋ kwa sauti hii. Kiewe kiliipokea. Kiganda nacho kinayo katika tahajia yake rasmi. Kiswahili Sanifu, kilichokuwa kikiundwa katika miaka hiyohiyo na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, kilibaki na ng na ritifaa. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake: taipureta ya ofisi ya wilaya ilikuwa na ritifaa, haikuwa na ŋ. Hata leo Waganda wengi wanaoandika kwa simu huandika ng' kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo makala hii haidai kwamba Kiswahili kilikosea kuiacha ŋ. Kinachohojiwa ni kwamba, baada ya kuchagua ritifaa, wasanifishaji hawakurudi kuiuliza kazi yake.

Na kazi zake ni zaidi ya moja. Katika ushairi, ritifaa huonesha kilichoondolewa: mshairi anayeandika 'kaja kwa nikaja, au n'na kwa nina, anamwambia msomaji kwamba hapa pana silabi au irabu iliyoachwa kwa ajili ya mizani. Katika Mang'ula, ritifaa haioneshi upungufu wowote. Inaonesha sauti iliyopo. Alama moja imebebeshwa kazi mbili zinazokinzana. Msomaji mzoefu hazichanganyi. Programu haina uzoefu.

3.0 Kinachotokea mpakani

Njia ya kawaida ni hii. Karani au mtafiti hukusanya orodha katika lahajedwali, mathalani Excel. Orodha huhifadhiwa ama kama lilivyo lahajedwali, ama kama faili la matini ambamo kila safuwima imetenganishwa na nyingine kwa mkato. Kisha faili hilo hufunguliwa ndani ya programu ya kanzidata, mathalani Access au LibreOffice Base. Programu humwuliza mtumiaji, au hujiamulia yenyewe, mambo kadhaa: kitenganishi ni kipi, matini yamezungushiwa alama gani, usimbaji wa vibambo ni upi, na kila safuwima ni ya aina gani ya data. Maswali haya huonekana ya kiufundi mno, na wengi hubofya kitufe cha kuendelea bila kuyasoma.

Ritifaa ya Mang'ula hugusa karibu yote. Ikiwa matini yamezungushiwa ritifaa moja kila upande, 'Mang'ula', alama iliyo baada ya g huweza kusomwa kuwa ndiyo ya kufunga. Ikiwa matini yamezungushiwa alama mbilimbili za kunukuu, faili hupita salama, lakini tatizo hungoja mbele: katika lugha ya maulizo ya kanzidata, mtumiaji anayeandika sharti Kijiji = 'Mang'ula' hujibiwa kwamba sentensi yake ina kosa la sintaksia, kwa sababu programu imesoma Mang kuwa jina zima na ula kuwa takataka. Dawa ni kuirudia ritifaa mara mbili, 'Mang''ula'. Ni dawa rahisi, ila mtumiaji wa Kiswahili hulazimika kuomba radhi kwa konsonanti yake kila anapoitaja. Tanzania ina desturi pia ya kugawa vijiji kwa herufi A na B, na kuziweka herufi hizo ndani ya alama za kunukuu. Mwenye Mang'ula 'B' ana ritifaa tatu za kuzisimamia.

Kosa linalopiga kelele hurekebishwa. Linaloumiza ni lile la kimya. Excel huiacha ritifaa ilivyochapwa, wima ('), lakini Word huigeuza kuwa iliyopinda (’), na baadhi ya simu hufanya vivyo hivyo. Orodha iliyoandikwa na watu watatu, mmoja akichapa moja kwa moja, mwingine akinakili kutoka waraka wa Word, wa tatu akiona alama ni usumbufu na kuiacha, huwa na Mang'ula, Mang’ula na Mangula. Kwa jicho la mtu, hicho ni kijiji kimoja. Kwa kanzidata ni vijiji vitatu, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotolewa. Na ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, orodha ya kaya 120 iliyogawanyika 71, 30 na 19. Anayeuliza idadi ya kaya za Mang'ula kwa kuandika jina lenye ritifaa wima atapata 71. Kaya 49 hazijafutwa. Zipo katika jedwali, ila hazihesabiwi. Iwapo orodha hiyo ni ya pembejeo au ya chandarua, tofauti kati ya kufutwa na kutohesabiwa haimsaidii mwenye kaya.

Umbo la tatu lina ubaya wa ziada. Mangula si tahajia mbaya ya Mang'ula tu. Ni jina la ukoo linalojulikana vyema nchini. Kuondoa ritifaa, kwa hiyo, hakuzalishi neno lisilo na maana ambalo msahihishaji angelikamata. Kunazalisha jina jingine halali.

Usimbaji nao una yake. Faili lililohifadhiwa kwa UTF-8 likifunguliwa kana kwamba ni la usimbaji wa zamani wa Windows, ritifaa iliyopinda hugeuka vibambo vitatu, na kijiji kikawa Mangâ€™ula. Hilo angalau linaonekana.

4.0 Ritifaa inayomezwa

Watafiti wa fasihi wasidhani kwamba haya ni ya makarani wa afya na wahifadhi wa misitu. Katika Excel, ritifaa inayochapwa mwanzoni mwa seli haihesabiwi kuwa sehemu ya matini. Ni amri kwamba kifuatacho kichukuliwe kuwa maneno na si namba. Mwanafunzi wa uzamili anayeandaa kongoo ya mashairi, mshororo mmoja katika kila seli, akichapa mshororo unaoanza na 'kaja, atabaki na kaja. Ritifaa imemezwa. Lakini akiuleta mshororo huohuo kutoka faili la matini, ritifaa hubaki. Kongoo moja, ikiwa imekusanywa kwa njia mbili, itakuwa na kanuni mbili za inkisari ambazo mshairi hakuziweka. Idadi ya mizani haibadiliki, hivyo hata anayehesabu mizani kwa makini hatagundua. Atakayekosea ni yule anayechunguza ni mara ngapi mshairi amedondosha kiambishi cha nafsi.

5.0 Neno kuingiza

Istilahi nazo zimechangia. Tangu mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utoe Jambo OpenOffice mwaka 2004, Kiswahili kimepata msamiati mpana wa kompyuta. Mijadala kuhusu hifadhidata na kanzidata imekuwa mingi, pengine kuliko inavyostahili, kwani yote mawili yanaeleweka. Lakini kitenzi kuingiza kimeachwa kibebe mambo matatu: kuchapa thamani ndani ya seli, kupachika safu mpya katikati ya jedwali, na kuleta faili zima kutoka programu nyingine. Katika matendo mawili ya kwanza mtu huona anachofanya. Katika la tatu, programu hutafsiri kwa niaba yake. Mwongozo unaosema "ingiza data" bila kubainisha humficha mtumiaji hatua ambayo hasara hutokea. Kitenzi kuhamishia kingefaa zaidi kwa tendo la tatu: anayehama huhesabu mizigo kabla ya kuondoka na baada ya kufika.

6.0 Hoja ya misimbo

Wataalamu wa kanzidata watajibu kwamba majina hayapaswi kuwa ufunguo wa jedwali. Kila kijiji kipewe msimbo, na jina liwe pambo. Jibu hili lina uzito. Ufuatiliaji wa kaya wa Ifakara ulijengwa juu ya namba za utambulisho za kudumu, na pasipo hizo usingeweza kumfuata mtu anayehama kutoka kaya moja kwenda nyingine.

Hata hivyo, mtu haulizwi msimbo wa kijiji chake, huulizwa jina. Mahali fulani karani hulazimika kulisikia jina na kulitafuta katika orodha, na utafutaji huo ndio unaokwama. Zaidi ya hayo, misimbo yenyewe haina kinga. Katika takwimu za taifa, mkoa wa Morogoro ni 05. Lahajedwali likiachwa lijiamulie, 05 huwa 5, na msimbo wa tarakimu nyingi unaoanza na mkoa huo hupungukiwa tarakimu moja na kuacha kulingana na jedwali la upande wa pili. Ajabu ni kwamba njia moja ya kuiokoa sifuri hiyo ni kuchapa ritifaa mbele yake.

7.0 Ritifaa ipi?

Kwa mtafiti mmojammoja, tahadhari zinajulikana: safuwima zote zihamishwe kwanza kama matini, usimbaji uwe UTF-8, aina zote za ritifaa zigeuzwe kuwa moja kabla ya kuhamishia, idadi ya mistari ilinganishwe, na orodha ya majina yasiyojirudia isomwe kwa macho na mtu anayeijua sehemu husika. Hatua ya mwisho haina mbadala, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Lakini "kuwa moja" ni ipi? Viwango vya Unicode vina kibambo U+02BC, ritifaa inayohesabiwa kuwa herufi, ambayo kinadharia ndiyo stahiki ya ng'. Haipo kwenye baobonye lolote ambalo karani wa Kilombero ataliona. Ritifaa iliyopinda, U+2019, ina sura nzuri chapani, lakini hutegemea hisani ya programu. Ritifaa wima, U+0027, ndiyo yenye mgongano na lugha ya maulizo, ila ipo kila mahali na mgongano wake unatabirika. Uzito wa hoja unaielekea hiyo ya mwisho kwa ajili ya data, huku wachapaji wakiachiwa iliyopinda. Hilo lingeweza kuamuliwa na BAKITA kwa aya moja, pamoja na tamko kwamba ritifaa ya ng' ni sehemu ya herufi, isiyoruhusiwa kuachwa katika Mang'ula, Chang'ombe wala Nyang'hwale, kama vile h isivyoachwa katika shamba.

Majarida ya Kiswahili nayo yana sehemu yao. Mengi hupokea miswada ya Word na kuchapa ng’ iliyopinda, kisha kongoo hukusanywa kutoka kurasa zake na kuchanganywa na data za nyanjani zenye ritifaa wima. Hakuna mwongozo wa waandishi unaopaswa kungoja tamko la taifa ili useme ni kibambo kipi kinachotakiwa kati ya g na u ya Mang'ula.