Masikio kabla ya tochi: bundi wa Usambara walivyotafutwa

Watazamaji ndege wa Kunduchi tumelelewa na uwazi. Bahari ikijaa, vitwitwi na yangeyange hukimbilia mashamba ya chumvi, na mwenye darubini na subira hujaza daftari kabla jua halijawa kali. Msituni usiku, jicho hilo halina kazi. Safari yetu ya siku kadhaa Usambara Mashariki ilifanikiwa kwa sababu kila uamuzi ulifanywa kwa ajili ya masikio.

Kwanza msimu. Tulikwepa masika na vuli, kwani mvua hata ikikatika, majani huendelea kudondosha matone kwa muda mrefu na sauti ya bundi hupotea humo. Njia haikusumbua: anayetoka Kunduchi haingii Ubungo, anashika Barabara ya Bagamoyo, kisha Msata, Segera na Muheza, ndipo anapanda. Tuliondoka alfajiri ili tufike Sigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, mwanga ukiwa bado mwingi. Mchana ule tuliutumia kuipita njia ya usiku kwa miguu, tukitafuta mahali pa kusimama ambapo mngurumo wa mto haufiki.

Wengi hupitiliza moja kwa moja hadi Amani, juu mlimani, kufuata baridi. Wakifanya hivyo wanamwacha nyuma bundi mdogo wa Sokoke. Ndege huyu, mwenye urefu wa sentimita 17 hivi, alielezwa kisayansi mwaka 1966 kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, na hadi 1992 hakuwa anajulikana kwingineko. Huku kwetu anakaa misitu ya chini ya milima. Kwa hiyo usiku wa kwanza ulikuwa wa Sigi, na Amani ikasubiri.

Sauti yake ni mfululizo wa miito mifupi, laini, inayokwenda sawasawa. Ugumu ni kwamba inadanganya: unaamini iko kulia, kumbe iko mbele. Tuligawanyika wawili wawili, hatua hamsini hivi kati yetu, tukazima tochi na kunyamaza. Perere walipiga kelele zao, komba wakajibu, tukawaacha wamalize. Bundi alipoita, kila upande ulielekeza mkono kwenye sauti na kusoma dira ya simu. Mistari miwili ilipokutana kwenye ramani, tulikuwa na eneo dogo la kutafuta, na hatukuingia kichakani usiku ule.

Asubuhi mwongozaji wetu alitangulia, akikagua mimea inayotambaa na matawi ya chini moja moja, bila haraka. Alimpata kwenye msongamano wa mimea hiyo, chini kidogo ya urefu wa mtu. Alikuwa amejinyoosha, vishungi vya kichwani vimesimama, macho yamebaki ufa mwembamba. Bila kuonyeshwa ungesema ni kipande cha tawi lililovunjika. Tulimtazama kutoka mbali kwa darubini, tukaondoka angali amekaa.

Sauti za kurekodiwa zina nafasi yake, lakini ndogo. Tulicheza sekunde chache, tukanyamaza dakika kadhaa, na tulipojibiwa tukazima kabisa. Bundi anayejibu anadhani mpinzani ameingia kwake. Anaacha kuwinda aje kupigana na spika. Msimu wa kutaga nisingeshauri mtu azicheze hata mara moja.

Amani kazi ilikuwa nyingine. Bundi mkubwa wa Usambara alipewa jina la kisayansi mwaka 1908, kwa heshima ya Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama katika kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha hapo 1902. Sauti yake ni mvumo mzito wa chini unaobebwa na bonde. Tuliusikia kutoka ukingoni, mbali, hatukumwona. Daftarini aliandikwa kwa saa, mwelekeo na mwinuko, na kwangu hiyo ni rekodi kamili.

Jambo moja la maandalizi lisiachwe. Bundi akilia karibu na nyumba, wengi wetu bado tunasema ni uchuro, na wageni wenye tochi wanaomwita makusudi hawapokelewi vizuri. Mwongozaji alizungumza na majirani wa msitu mapema, jioni, kabla hatujaanza kutembea. Kazi hiyo, pamoja na saa za gizani, tuliilipia kwa kiwango cha usiku tulichokubaliana kabla, mbali na malipo ya mchana.