Ufundi wa Kuficha Majoka

Anayeurudia leo msimu wa kwanza wa Game of Thrones, ulioonyeshwa na HBO mwaka 2011, hushangaa jinsi majoka yalivyo adimu. Katika sehemu 10, majoka hai hujitokeza dakika za mwisho kabisa. Viumbe wa barafu hupita mwanzoni, kisha ni kama wamesahauliwa. Kinachojaza nafasi yote iliyobaki ni mazungumzo, na ndiyo sababu nauona msimu huu kuwa bora kuliko mingine yote 7. Vita vikubwa vya mwisho havionyeshwi kamwe: mhusika Tyrion anapigwa kichwani kabla havijaanza, anazinduka vimekwisha. Fedha hazikutosha, na uhaba huo ukawalazimisha waandishi Benioff na Weiss kutegemea ulimi. Sehemu ya 5 walitunga onyesho ambalo halimo katika riwaya ya George R. R. Martin ya 1996: Mfalme Robert na Cersei wameketi na mvinyo, wanaulizana kama ndoa yao iliwahi kuwa na tumaini. Hakuna upanga uliochomolewa, na bado sijui pigano lolote la tamthilia hiyo linaloumiza kiasi hicho.

Ufundi wenyewe huonekana vizuri mara ya pili. Mwanzoni mhusika mkuu, Ned Stark, anamkata kichwa askari mtoro kwa mkono wake, akimfundisha mwanawe Bran kuwa mtoa hukumu ndiye astahiliye kushika upanga. Njiani wanamkuta mbwa mwitu jike, nembo ya ukoo wao, ameuawa kwa pembe ya kulungu, nembo ya ukoo wa mfalme. Mtazamaji mgeni huwatazama watoto wakigawana vitoto vya mnyama yule. Anayerudia huona hukumu imeshapita. Sehemu ya 9 Joffrey, mwana wa Cersei aliye mfalme sasa, anaamuru tu, na mnyongaji wake Ilyn Payne anamuua Ned kwa upanga wa Ned mwenyewe. Hakuna mhusika anayetukumbusha lile somo la Bran.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na theluji yao, yanamhusu nini mtu wa Dodoma? Uwanda wa kati hauna theluji, ila una kiangazi kinachoanza mvua za Aprili zikikatika na kuendelea hadi Novemba, na Wagogo wana kumbukumbu ya Mtunya, njaa iliyofuata majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kunyang'anya nafaka na mifugo, kisha mvua ikakosekana. Onyo la akina Stark kwamba kipupwe kinakuja ni kauli ya anayekagua kihenge huku jirani akisherehekea mavuno. Huko ikulu kwa Robert, Ned anaelezwa kuwa hazina ina deni la milioni 6, na bado mfalme anataka mashindano ya kifahari kumpongeza yeye, waziri wake mpya. Katika jiji ambalo kila mwaka hupokea Bunge la Bajeti, kikao kile hakihitaji mfasiri.

Pingamizi zito zaidi ni hili: ukishajua Ned atakufa, kuna haja gani ya kurudia? Kwangu, kujua huko ndiko kunakohamisha swali. Mara ya kwanza tunauliza kama atapona. Mara ya pili tunatafuta ni wapi angeponea. Mlango upo, katika sehemu ya 7. Baada ya Ned kumwonya Cersei akimbie na watoto wake, Renly, nduguye mfalme, anajitolea kumpa askari usiku, amkamate Joffrey kabla hakujacha. Ned anakataa kuwaburuta watoto vitandani wakati Mfalme Robert anakata roho. Wengi humwita mjinga hapo. Lakini heshima hiyo ndiyo iliyotufanya tumpende tangu theluji ya mwanzo, na waandishi hawatupi njia ya kuitaka heshima na kuukataa ujinga huo. Wakati anakataa, binti zake Sansa na Arya wamo humo humo ndani ya ngome.