Ua wa Seng'enge katika Riwaya ya Uasi

Msomaji wa Kishapu aifunguapo The Hunger Games, riwaya ya vijana ya Suzanne Collins iliyotoka Marekani mwaka 2008, hukuta jambo alijualo: mji wa wachimbaji uliozungushiwa ua. Baba wa Katniss amekwisha kufa kwa mlipuko mgodini, na binti, mwenye umri wa miaka 16, hupenya chini ya ua kwenda mwituni kuwinda. Mwadui nako kuna ua. John Williamson aligundua almasi hapo mwaka 1940, na mji wa mgodi ukakua ndani ya seng'enge, una shule yake, hospitali yake na uwanja wake wa ndege. Walakini mwendo wa huko ni kinyume. Katniss hutoka ili aishi. Wabeshi, kama waitwavyo wavamizi wa mgodi, huingia. Collins ameiweka riziki nje ya mamlaka. Mwadui riziki na mamlaka vimo ndani ya ua mmoja. Mwezi wa Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, bila kukiri dhima, ilipatana na watu waliodai kuumizwa na walinzi wa mgodi huo.

Lililo bora kitabuni ni hesabu yake. Mtoto maskini aweza kupewa nafaka na mafuta ya mwaka mmoja, mradi jina lake liongezwe katika kura ya kwenda kuuana. Mtoto wa mwenye duka hana haja ya kuliuza jina lake, wa mchimbaji anayo, na chuki ya wawili hao humfaa mtawala kuliko askari mia.

Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, haina hesabu kali namna hiyo. Karama, ashitakiwapo kwa kufundisha uanasheria, hujitetea kwa hoja, na tumbo la raia halisikiki likinguruma. Lakini yeye huidai sheria tangu mwanzo, ilhali Collins hungoja kitabu cha tatu, cha mwaka 2010, Katniss amwuapo Coin, kiongozi wa waasi, badala ya Snow. Na baada ya mshale ule? Migodi yafungwa, kiwanda cha dawa chaanza kujengwa, yote kwa sentensi mbili tatu. Kiwanda hicho ni mali ya nani, kitabu hakisemi.