Kulifuata Jani Hadi Kwenye Damu

Jua la saa sita linapochoma, ng'ombe wa bonde la Ruvu huacha kula. Wawe wa ranchi ya kampuni ya taifa, NARCO, kule Vigwaza au wa wafugaji wanaopita Kwala, utawakuta wamejilaza kivulini, macho nusu wazi, taya zikizunguka taratibu. Wanacheua. Ukimtazama mmoja kwa makini utaona tonge likipanda shingoni, likatafunwa mara arobaini au hamsini, likashuka tena, na baada ya kitambo kidogo likapanda jingine. Ndani ya tonge lile mna seli za majani zisizo na idadi, na ndani ya kila seli mna DNA: maelekezo kamili ya namna ya kuwa ukoka, au mpunga, au muhogo. Ng'ombe anameza maelekezo hayo kila siku ya maisha yake, na bado ndama wake anazaliwa ng'ombe mtupu.

Maana tumbo lake ni bingwa wa kubomoa. Tumbo la kwanza lina joto la nyuzi 39 hivi, na kila mililita ya majimaji yake ina bakteria wanaofikia bilioni kumi au zaidi. Meno yakishapasua ukuta wa seli, DNA ya jani hutoka nje, na vimeng'enya vya bakteria hao huikatakata ndani ya dakika chache. Kinachosalimika kidogo ni kile kilichobaki ndani ya seli ambazo hazijapasuka, nacho huja kukutana na asidi ya tumbo la nne. Mbele zaidi, kwenye utumbo mwembamba, kongosho humwaga vimeng'enya vingine vya kumalizia kazi. Huko hata bakteria wenyewe husagwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya protini anayoipata ng'ombe hutoka kwa wapangaji wake hao. Herufi za DNA yao hufyonzwa, baadhi hutumika upya, nyingine huishia kwenye mkojo kama kemikali iitwayo alantoini. Wataalamu wa lishe ya mifugo hupima alantoini hiyo ili wakadirie ng'ombe amepata chakula kiasi gani kutoka kwa bakteria wake. Mnyama hachukui ramani ya nyumba ya jirani. Anachukua matofali yake na kujengea ya kwake.

Hata hivyo ubomoaji huo haukamiliki kwa asilimia mia, na hapo ndipo inapoanza kazi ya fundi wa pili, yule wa maabara. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walilisha ng'ombe na kuku mahindi, yakiwemo yaliyobadilishwa jeni. Katika seli nyeupe za damu ya ng'ombe, na katika nyama ya kuku, walikuta vipande vifupi vya DNA ya kloroplasti, yaani ile sehemu ya seli inayolipa jani rangi ya kijani. Jeni iliyopandikizwa hawakuiona. Sababu inaeleweka: seli moja ya jani ina kloroplasti nyingi, na kila moja ina nakala nyingi za DNA yake. Kilicho kingi zaidi ndicho chenye nafasi kubwa ya kubakiza mabaki. Jambo hili lina uzito kwetu Tanzania, kwa sababu mahindi ya aina hiyo yalianza kufanyiwa majaribio Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, serikali ikayasitisha mwaka 2018, na hofu ya jeni kuhamia mwilini hutajwa katika mabishano ya namna hiyo. Kipande kilichopatikana kwenye damu ni kifupi mno kuweza kuamuru lolote. Ni mabaki tu, hakina sauti.

Ila kukiona kipande cha namna hiyo, iwe kwenye damu au kwenye kinyesi, kunataka mkono mtulivu. Sampuli ya kinyesi huchukuliwa katikati ya bonge, kwani upande wa chini umegusa nyasi ambazo ng'ombe huyo huenda hakuzila. Huhifadhiwa ili isioze, kisha husagwa, na seli hupasuliwa kwa dawa yenye kazi kama ya sabuni. Ukifanya hivyo kwa jani bichi la muhogo, halafu ukamimina spiriti baridi taratibu ubavuni mwa mrija, utaona nyuzi nyeupe zikijikunja pale vimiminika viwili vinapokutana. Hiyo ni DNA, kwa macho yako mwenyewe. Kwa kinyesi au damu usitegemee kuona kitu. Kilichomo ni kidogo na kimekatikakatika, hivyo hukuzwa kwa mashine inayokinakili mara mbili, kisha mbili tena. Mizunguko thelathini hugeuza kipande kimoja kuwa zaidi ya bilioni moja.

Nguvu hiyo ndiyo hatari yake. Mashine haijui kipande kimetoka wapi. Chavua ya mahindi iliyoelea hewani, au unga wa chakula cha mchana ulioganda kwenye mkono wa shati, nao utanakiliwa mara bilioni. Kwa hiyo fundi mzuri hutenga chumba cha kuandalia sampuli na chumba cha kunakilia, wala harudishi kifaa cha huku kule. Na katika kila safu ya mirija huweka mmoja wenye maji safi peke yake, akaupitisha hatua zote bila kuruka hata moja. Mrija huo wa maji ukionyesha DNA ya mpunga, kazi yote ya siku hiyo inatupwa, hata kama majibu ya mirija mingine yalikuwa yanapendeza.

Umuhimu wa mrija huo ulidhihirika baada ya mwaka 2012, watafiti wa Nanjing, China, walipotangaza kwamba kipande kidogo cha RNA (molekuli ndugu ya DNA) ya mpunga kimekutwa katika damu ya watu, na kwamba katika panya kinabadilisha kazi ya ini. Habari ilienea haraka. Mwaka uliofuata makundi mengine yalirudia kazi hiyo kwa uangalifu na hayakupata matokeo yale. Baadhi ya vipande vya mimea katika majaribio ya namna hiyo vilionekana kuwa uchafu ulioingia njiani.

Mahali ambapo ufundi huu umezaa matunda bila ubishi mkubwa ni Laikipia, Kenya. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Tyler Kartzinel na wenzake walisoma DNA ya mimea katika kinyesi cha wanyama wa aina saba, wakiwemo tembo, nyati, swala na ng'ombe, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Pundamilia wa aina mbili, ambao kwa macho wote ni wala nyasi tu, walibainika kuchagua nyasi tofauti. Kipande cha kloroplasti walichokitumia kilichaguliwa kwa ufupi wake, maana tumbo haliachi virefu. Zana imekatwa kwa kipimo cha kile ambacho mbomoaji amekisaza.

Mtu wa Ruvu atauliza mara moja: basi si ufundi huu utumike kuamua kesi za wakulima na wafugaji? Mpunga umeliwa usiku, kundi lipo, kinyesi kipo. Fundi anaweza kusema kama kuna jamii ya mpunga ndani yake. Akiulizwa kama ni mpunga wa shamba au mpunga mwitu wa kwenye madimbwi, atasema kipande hicho kifupi aghalabu hakitofautishi ndugu wa karibu kiasi hicho. Akiulizwa ni wa shamba la nani, atasema hajui, na hiyo ndiyo sababu ya kumwamini anaposema anajua.