Neno Lililokatwa: Mfanyabiashara wa Venisi kwa Ufupi na kwa Ukamilifu

Utangulizi

Kitabu kirefu kikiisha kufupishwa, je, ni kitabu kile kile? Swali hili huulizwa zaidi juu ya riwaya ndefu, ambazo wanafunzi wengi huzijua kwa matoleo yaliyopunguzwa tu. Katika makala haya tunakusudia kulijibu kwa kupima kazi ambayo Kiswahili kinayo kwa namna zote mbili: mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi. Si riwaya, lakini mambo yaliyoupata ndiyo yanayozipata riwaya. Tena, mfasiri wake wa kwanza ni mtu ambaye Wakristo wa Masasi na Newala humhesabu miongoni mwa baba zao wa imani, na neno lililokatwa katika ufupisho linahusu asili ya makanisa yao.

Matoleo mawili

Mwaka 1807 Charles Lamb na dada yake Mary walitoa huko London kitabu cha hadithi kutokana na michezo ya Shakespeare, kwa ajili ya watoto. Miaka 60 baadaye, yaani mwaka 1867, Edward Steere, padre wa Misheni ya Vyuo Vikuu huko Unguja, alitoa kwa Kiswahili hadithi nne za kitabu hicho na kuziita Hadithi za Kiingereza. Katika kazi ya uchapaji misheni ilisaidiwa na vijana waliokombolewa utumwani. Mwaka 1874 Steere akawa askofu, na mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa kuelekea Ziwa Nyasa; kundi hilo likaishia Masasi, na hapo likafanya makao. Kituo cha Newala kilifuata baadaye kidogo.

Mwaka 1969 Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanzania, alitoa Mabepari wa Venisi, nao ni mchezo mzima kwa ushairi usio na vina. Hivyo msomaji wa Kiswahili anaweza kuweka mkono mmoja juu ya hadithi fupi na mwingine juu ya mchezo kamili.

Yaliyoachwa

Kisa chenyewe chajulikana. Antonio anakopa fedha kwa Shylock, Myahudi, kwa ajili ya rafiki yake Bassanio. Asipolipa kwa siku yake, atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Ufupisho wa Lamb unakieleza kisa hiki kwa ustadi, na tusiunyime haki yake: hata malalamiko ya Shylock kwamba Antonio alimwita mbwa na kumtemea mate yamo. Hata hivyo tangu mwanzo msomaji huambiwa kwamba Antonio ni mwema kupita wote, na Shylock ni mtu mgumu asiyependwa na watu wema. Hukumu imetolewa kabla ya baraza kukaa.

Yameachwa masanduku matatu yaliyomjaribu kila mchumba wa Portia. Upungufu huo unavumilika. Yameachwa pia maneno ya Shylock kwamba Myahudi ana macho, mikono na hisia kama Mkristo. Upungufu huu ni mkubwa zaidi. Lakini tunaloliona zito kuliko yote limo katika baraza la hukumu. Mtawala anamwuliza Shylock atatumainije rehema ikiwa yeye hana rehema. Naye anajibu kwa kuwanyoshea kidole Wakristo waliokaa mbele yake: ninyi mnao watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa. Je, niwaambie muwaache huru na kuwaoza kwa warithi wenu? Mtanijibu kwamba ni mali yenu. Basi, na nyama hii ni mali yangu, kwa kuwa nimeinunua kwa bei kubwa.

Hakuna mtu barazani anayemjibu. Hata Portia, ambaye baadaye anasema vizuri sana juu ya rehema, hagusi neno hilo. Katika ufupisho wa Lamb halimo kabisa.

Natutafakari basi jambo hili. Mwaka 1807 ndio mwaka ambao Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa. Mwaka 1867 soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi; halikufungwa mpaka mwaka 1873, na Steere mwenyewe ndiye aliyejenga kanisa kuu mahali pale. Vijana wale wa misheni walikuwa wamejua kwa miili yao maana ya mtu kuwa na bei. Kitabu kiliwafikia, lakini neno ambalo wao kuliko wote wangelielewa halikuwafikia. Hatumshtaki Steere kwa hila. Alifuata kitabu alichokuwa nacho. Tunalosema ni kwamba mkato hauna sura ya dhambi. Aliyekata alitaka kurahisisha tu. Lakini kilichoondoka ni shitaka, na waliobaki bila kushitakiwa ni Wakristo.

Toba iliyoongezwa

Ufupisho haukati tu, huongeza pia. Mwishoni mwa mchezo, Antonio anadai kwamba Shylock awe Mkristo papo hapo, naye anakubali kwa maneno machache na kuomba kwenda zake kwa kuwa anaumwa. Toba haitajwi. Katika hadithi ya Lamb, Shylock anaambiwa kwamba akitubia ukatili wake na kuwa Mkristo, atasamehewa faini. Neno la toba limewekwa juu ya ubatizo wa kulazimishwa kama kitambaa juu ya kidonda. Kwa Walutheri jambo hili si dogo. Mwaka 1543 Luther aliandika maneno makali dhidi ya Wayahudi, na mwaka 1984 Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani, katika mkutano wake wa Budapest, liliyakataa. Lisingaliweza kuyakataa maandiko hayo kama yangalikuwa yamefutwa katika vitabu.

Je, ufupisho ufe?

La. Mtu wa Newala ajua tangu zamani kwamba maji yanayopandishwa kutoka bondeni ni yale tu yanayobebeka kichwani. Na mtoto apewe anachoweza kubeba. Luther mwenyewe mwaka 1529 alitoa Katekisimu Kubwa na Katekisimu Ndogo. Lakini ile ndogo haikukata Amri Kumi ili kumpendeza msomaji, imeanza nazo. Hicho ndicho kipimo chetu: ufupisho mwema hubakiza neno linalomshitaki msomaji, kisha humrudisha kwenye kitabu kizima, kama akina Lamb walivyotumaini katika dibaji yao.

Wala ukamilifu peke yake hautoshi. Jina alilochagua Nyerere, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, linamwelekeza msomaji kwa mabepari wote, ilhali Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja. Pia mchezo mzima una dhihaka nyingi kwa Myahudi. Lakini anayesoma yote ana silaha ya kubishana na mwandishi na mfasiri pia.

Hitimisho

Jambo hili latuhusu sisi wahubiri. Somo la Luka 4 likiishia mstari wa 21, Yesu anapendeza na watu wa Nazareti wanaridhika. Likiendelea mpaka mstari wa 29, anawataja mjane wa Sarepta na Naamani Mshami, nao wanataka kumtupa chini toka ukingo wa kilima. Mhubiri anayeishia wa 21 hakusema uongo wowote. Amewapa tu wasikilizaji wake Yesu asiyewaudhi. Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi wetu: kila mnapokuta somo limekatwa, fungueni Biblia mwangalie ni nani aliyekuwa karibu kushitakiwa.